Silabi, Imla na Mtoto: Uhakiki wa Msemo Mmoja

Upo msemo mmoja ambao sisi tunaoshughulika na lugha hii tumeuzoea hata hatuupimi tena: ya kwamba Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo na husomwa kama kiandikwavyo. Huonekana katika dibaji za vitabu vya sarufi. Wageni huambiwa ili watiwe moyo. Walimu vijana huupokea kana kwamba ni kanuni ya hesabu. Nakusudia kuuhakiki katika makala haya. Sidai ya kuwa ni uongo. Ni nusu ya ukweli, na vitabu vingi vya kusomea vya darasa la kwanza vimejengwa juu ya nusu hiyo, wakati nusu ya pili huachiwa mtoto wa miaka sita aigundue peke yake.

Nusu iliyo kweli yajulikana. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina herufi yake isiyobadili sauti. Silabi nyingi huishia kwa irabu. Mtoto hakutani na maajabu ya Kiingereza, ambamo herufi zile zile hutamkwa hivi hapa na vile pale. Mwaka 2003 Seymour, Aro na Erskine walitoa matokeo ya kuwalinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya, na ikaonekana ya kwamba mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule watoto wa Kifini, Kigiriki, Kiitalia na Kihispania walikuwa wakisoma maneno mepesi karibu bila kosa, hali wenzao wa Kiingereza wakiwa nyuma sana. Kwa tahajia yake, Kiswahili kingestahili kuhesabiwa upande wa Kifini.

Lakini Uwezo walipopima watoto majumbani nchini Tanzania mwaka 2010, takriban mmoja tu kati ya watatu wa darasa la tatu aliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Zilitajwa sababu nyingi: wingi wa wanafunzi katika chumba kimoja, uchache wa vitabu, walimu waliokosa mafunzo ya kazi hii. Sina shaka na hata moja. Serikali nazo ziliitika: Tanzania Bara mtaala wa 2015 ulikusanya kazi ya darasa la kwanza na la pili katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na Kenya mpango wa Tusome ulienezwa katika shule za serikali kuanzia mwaka huo huo. Swali ambalo halikuulizwa sana latuhusu sisi wa lugha: je, tumewaeleza waandishi wa vitabu na walimu kwamba maandishi ya Kiswahili ni mfumo wa namna gani hasa?

Yafaa kuanza na kile ambacho mtoto huja nacho shuleni. Watoto wa pwani wana mchezo wa zamani uitwao kinyume, ambao Steere aliuona unastahili kutiwa katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili katika karne ya kumi na tisa. Msemaji huchukua silabi ya mwisho ya neno akaitanguliza: kiti huwa tiki, mbuzi huwa zimbu, na nyumba huwa mbanyu. Anayecheza mchezo huu huenda hajapata kushika kalamu, na hakuna aliyemfundisha silabi ni nini; hata hivyo hukata neno pale pale ambapo mwanasarufi angelikata. Tena tazama jambo la pili, ambalo ndilo kubwa zaidi: katika mbanyu ile mb haikuvunjwa. Kwa sikio la mtoto, mba ni kipande kimoja kama ba ilivyo kipande kimoja.

Kwa hiyo jedwali la silabi, lile la ba be bi bo bu ambalo darasa zima huliimba kwa sauti, si ujinga kama baadhi ya wakaguzi wa shule walivyolisema. Limesimama juu ya ujuzi ambao mtoto anao tayari. Wala si geni kwa watu wa pwani. Mtoto wa chuoni aliyejifunza herufi za Kiarabu ubaoni hakuachiwa herufi peke yake. Alipewa be pamoja na fataha akasoma ba, pamoja na kasra akasoma bi, pamoja na dhumma akasoma bu. Sisemi ya kwamba jedwali la shule lilizaliwa chuoni, kwa maana wamisionari walikuja na majedwali yao. Nasema kwamba mzazi aliyesikia mwanawe akiimba silabi shuleni hakusikia jambo la kumshangaza. Chuoni kulikuwa na upungufu wake, kwa kuwa alama tatu za irabu hazitoshi irabu tano, na p, v, ch na g hazina herufi katika Kiarabu. Ndiyo sababu mabingwa kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890, walijitahidi kuziongezea alama. Lakini kipimo chao kilikuwa silabi, na kilikuwa kipimo chema.

Mabishano ya Marekani juu ya kusoma, ambayo Jeanne Chall aliyachambua katika kitabu chake cha 1967, yaliuliza kama mtoto aanze na neno zima au aanze na sauti za herufi. Mabishano hayo yaliletwa kwetu pamoja na wataalamu na vitabu, na kila kizazi cha washauri kimetutaka tuchague upande. Katika Kiswahili kuna kitu cha katikati, nacho ni silabi, ambayo Kiingereza hakiwezi kuitegemea kwa kuwa silabi zake ni nyingi na zina maumbo mengi mno. Ubaya zaidi ni ule wa shule za chekechea zinazojivunia Kiingereza, ambako mtoto hufundishwa kwanza majina ya Kiingereza ya herufi: a huitwa ei, e huitwa ii, i huitwa ai. Kisha huyo huyo hupewa neno kiti alisome. Anayeshangaa kwamba amesita afikirie ni kazi gani aliyopewa ya kusahau.

Hadi hapa nimekuwa upande wa jedwali. Sasa na tuone linapokwama.

La kwanza ni mpangilio. Vitabu vingi huanza na irabu, hufuata konsonanti moja moja, na mwisho kabisa, mara nyingi katika muhula wa pili au mwaka wa pili, huja zile ziitwazo silabi ngumu: mba, nda, nga, ng'a, nya, mwa, kwa. Ugumu wake ni wa macho ya mtungaji wa kitabu, aonaye herufi mbili au tatu badala ya moja. Mdomoni mwa mtoto hazina ugumu wowote. Na hebu tuyataje maneno ambayo mtoto huyo huyatumia tangu alfajiri hata usiku: nyumba, mbuzi, mbwa, ng'ombe, ndizi, ndege, ngoma, mwana, mkono, mguu, mvua, nguo. Karibu yote yamefungiwa nje mpaka mwisho wa kitabu. Hata jina lake, ikiwa ni Mwanaidi au Nyambura, halimo katika yale anayoruhusiwa kusoma. Mtungaji akiisha kujinyima maneno hayo hubaki na ba, bi na bu, naye hulazimika kuandika sentensi za mfano huu, nilioutunga mwenyewe lakini usio mbali na ilivyo: Bibi abebe bao, babu abebe boga. Hakuna bibi wala babu aliyepata kusikia maneno hayo. Mtoto hujifunza ya kwamba kusoma ni kutoa sauti ambazo hazimwambii mtu kitu, na funzo hilo likiingia mapema halitoki upesi.

La pili ni zito zaidi, maana hapo msemo wetu wenyewe huvunjika. Herufi m mbele ya b ina kazi mbili, na maandishi hayazitofautishi. Katika nguo mbaya, neno la pili lina silabi mbili, mba-ya. Katika mtoto mbaya, neno hilo hilo kwa herufi zile zile lina silabi tatu, m-ba-ya, kwa kuwa m ni kiambishi cha ngeli kinachosimama peke yake. Mbuni ndege ana silabi mbili. Mbuni uzaao buni una tatu. Barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa hutofautiana kwa mkazo tu, na mkazo hauandikwi. Msomaji hodari huona maana kwanza, kisha hutamka ipasavyo; yaani sarufi humwongoza kwenye sauti, na siyo sauti kwenye sarufi. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili atasoma m-to-to mba-ya, atasikia kasoro, atajisahihisha. Mtoto wa Kijaluo au wa Kimasai, ambaye Kiswahili alikutana nacho mlangoni pa shule, hana sikio hilo la kumsahihisha. Kwake yeye msemo wetu ni ahadi isiyotimizwa, na akikosa huambiwa ya kwamba hata kilicho chepesi kimemshinda.

Yapo pia ya lahaja. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi 1930, ilisanifisha tahajia kwa msingi wa Kiunguja na kwa mahitaji ya wapiga chapa, na ilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Mtoto wa Mombasa hutofautisha kaa wa pwani kwa pumzi na kaa la moto bila pumzi. Herufi hazimpi tofauti hiyo. Hilo si baya sana, kwa sababu maandishi yanayosema pungufu huweza kuvumiliwa. Matatizo makubwa ni pale maandishi yanapodai tofauti ambayo mdomo wa mtoto hauna. Katika nchi kubwa ya bara, dh hutamkwa z, th hutamkwa s, gh hutamkwa g, na kwa watu wengi r na l hubadilishana, na h mwanzoni mwa neno hudondoka. Mtoto wa namna hiyo akisomewa imla huandika apa badala ya hapa, karamu badala ya kalamu, samani badala ya thamani. Je, hakuandika kama asemavyo? Alitii msemo wetu barabara, na kwa utii wake akapata sifuri.

Alcock na Ngorosho, katika uchunguzi wao uliochapishwa 2003 juu ya makosa ya tahajia ya watoto wa Kiswahili, walionyesha ya kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya utaratibu si kazi ndogo, na ya kwamba usemi wa mtoto wa nyumbani huacha alama katika makosa yake. Kazi hiyo ilistahili kusomwa katika kila chuo cha ualimu. Badala yake kalamu nyekundu imeendelea kuweka alama ile ile juu ya makosa ya namna mbili zilizo mbali kama Lamu na Kigoma. Anayeandika samani kwa thamani anajua kuandika. Lililobaki ni kufundishwa neno hilo kwa umbo lake la maandishi, kama Mwingereza afundishwavyo maelfu ya maneno yake. Anayeandika tamani kwa thamani huenda hajaijua bado th. Wa kwanza ahitaji kusoma sana. Wa pili ahitaji kurudishwa kwenye herufi. Mwalimu asiyewatenganisha huwapotezea wote wawili muda.

Urefu wa neno nao umesahauliwa. Jedwali humfundisha mtoto silabi mojamoja, na vitabu hudhani ya kuwa atakayejua silabi atajua neno. Chukua hawatatununulia: silabi nane, herufi kumi na tano. Mtoto anayezisoma moja baada ya moja hufika mwisho akiwa ameusahau mwanzo, na mwanzo huo ndio uliobeba ukanushi na mtendaji. Mwingereza kwa maana hiyo hiyo angeandika maneno mafupi sita. Kwa hiyo upimaji wa kuhesabu maneno yasomwayo kwa dakika moja, ulioenea shuleni kwetu pamoja na miradi ya kusoma, haukuweza kutumia kipimo kimoja kwa lugha zote mbili. Nchini Kenya kiwango cha ufasaha kiliwekwa maneno 65 kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Tofauti hiyo ni ya haki, ingawa inatosha kwa hesabu tu. Haimwambii mwalimu ya kwamba baada ya silabi mtoto ahitaji kuzoea vipande vingine vikubwa zaidi, yaani hawata-, nina-, tuli-, -ia, avione kwa mtazamo mmoja. Sijaona jedwali la viambishi likiimbwa darasani, na sioni sababu ya kutoimbwa.

Kugawa maneno ni mtihani mwingine ambao sikio halisaidii. Twaandika sipendi kwa kuunganisha, lakini si mwalimu kwa kutenga. Ninasoma ni neno moja, ni mwalimu ni mawili. Watoto, na watu wazima wengi pamoja nao, huandika nimwalimu, ana soma, ata kuja. Anayeandika ana soma ameona, bila kuambiwa, kwamba soma ni kitu kinachojitegemea, na hapo amefikiri kama walivyofikiri waliotunga tahajia ya Kitswana, ambako viambishi vya kitenzi hutengwa. Sisi tuko upande wa Kizulu, ambako huunganishwa. Wote ni Wabantu wenye vitenzi vya sura moja. Kosa la mtoto, basi, ni uchaguzi ambao mataifa mengine yameuhalalisha. Lazima alisahihishe, nakubali, lakini mwalimu anayejua habari hiyo hatamwita mzembe.

Nimesema juu ya kusoma zaidi kuliko kuandika, kwa sababu vitabu vyenyewe vimefanya hivyo. Katika mwaka wa kwanza kuandika maana yake ni kunakili: mstari wa a, mstari wa ba, sentensi ya ubaoni mara tano. Mwandiko hupendeza, na mzazi akilifungua daftari hufurahi. Ila mkono wa mtoto unaweza kunakili ukurasa mzima pasipo akili kuhudhuria. Emilia Ferreiro na Ana Teberosky, katika kitabu chao cha 1979 juu ya watoto wa Kihispania wa Argentina, waliwaacha watoto waandike kabla hawajafundishwa, wakaona hatua ambayo kila silabi hupewa herufi moja tu, na mara nyingi herufi hiyo ni irabu. Kihispania, kama Kiswahili, kina irabu tano na silabi nyingi zilizo wazi. Mtoto wetu aandikaye aa kwa maana ya baba angefutiwa na kupewa ba anakili. Wao waliona hapo mtoto aliyekwisha kugundua ya kwamba maandishi huhesabu vipande vya sauti. Ugunduzi huo hauna badala, kwa kuwa bila yeye mtoto anaweza kukariri jedwali zima asijue ni la nini.

Charles Read alionyesha 1971 ya kwamba watoto wa Kiingereza wakijitungia tahajia huiacha n au m iliyo mbele ya konsonanti. Wa kwetu nao huandika nyuba kwa nyumba, buzi kwa mbuzi, gombe kwa ng'ombe. Kosa laonekana moja, lakini chanzo si lazima kiwe kimoja. Katika Kiingereza pua huingia ndani ya irabu iliyotangulia na kupotea humo. Katika Kiswahili pua na konsonanti ni mwanzo wa silabi inayofuata, kitu kimoja, kama mchezo wa kinyume ulivyokwisha kutuonyesha. Mtoto anaona kitu kimoja, anakipa herufi moja. Kumwambia asikilize vizuri hakufai, maana ndivyo alivyofanya. Lifaalo ni kumwambia ya kwamba kipande hiki kimoja sisi tumekubaliana kukiandikia herufi mbili, na kumpa mba, mbe, mbi, mbo, mbu mapema, pamoja na ba na ma, katika mwezi ule ule.

Taasisi kama hii yetu ingeweza kufanya kazi ambayo wizara za elimu haziwezi kuianza zenyewe. Ikusanywe imla ya watoto wa darasa la kwanza na la pili kutoka Pemba, Tanga, Mwanza, Machakos, Kisumu, hata Bukavu, maneno yale yale kwa wote, yakiwemo mbuni zote mbili, kalamu na karamu, hapa na apa. Kila kosa liandikwe pamoja na lugha ya nyumbani ya mtoto. Tungejua ni makosa gani ya kila mahali na yapi ya mahali pamoja, na mtungaji wa kitabu asingekuwa na udhuru wa kupanga silabi kwa kufuata alfabeti. Gharama yake ni karatasi na nauli.

Kuhusu ng' nina neno moja zaidi. Kikato chake ndicho alama ya kwanza kudondoka katika daftari la mtoto, na hakidondoki kwake tu. Matangazo ya dukani hukiacha vilevile. Waganda walipokubaliana juu ya tahajia ya Luganda mwaka 1947 waliichukua ŋ, herufi moja kwa sauti moja, na mtoto wao hana kikato cha kusahau. Sipendekezi tufuate, kwa kuwa vitabu vyetu vimekwisha kuwa vingi na msomaji mzima hatakubali ng'ombe wake abadilishwe sura. Lakini mtoto aandikaye ngombe amekosa alama ambayo haina sauti yake yenyewe, ambayo hakuiona katika jedwali mpaka mwaka ulipokaribia kwisha, na ambayo mwalimu wake aliiandika ubaoni kwa chaki ndogo kiasi cha kutoonekana kutoka dawati la nyuma. Katika orodha ya makosa niliyoipendekeza, hilo lisiwekwe pamoja na gombe.